Vita vya Msalaba: Kutoka Yerusalemu hadi Ziwa Tanganyika

Na Mkufunzi wa Elimu ya Siasa, Kibirizi, Kigoma

Makada na wanafunzi wengi huzisoma habari za Vita vya Msalaba kama hadithi ya mbali: wafalme wa Ulaya, wapiganaji waliovaa deraya juu ya farasi, ngome za mawe, na mji wa Yerusalemu. Mtihani ukipita, habari hizo husahauliwa. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba habari hizo zinatuhusu moja kwa moja. Mwaka 1888 vita vya msalaba vilihubiriwa makanisani Ulaya kwa ajili ya nchi za maziwa makuu ya Afrika, na Ziwa Tanganyika lilikuwa uwanja wake mmojawapo. Vilikuwa na mhubiri wake, kamanda wake na ngome zake. Adui aliyetajwa alikuwa na makao yake Ujiji, mwendo wa saa chache tu kwa miguu kutoka Kibirizi.

Historia hii husimuliwa kwa namna mbili, na zote mbili zina kasoro. Namna ya kwanza husema kwamba Wazungu walikuja kuwakomboa watumwa kutoka mikononi mwa Waarabu, basi. Namna ya pili husema kwamba wakubwa wa Ujiji walikuwa mashujaa waliopinga ukoloni, basi. Anayeshika simulizi la kwanza huishia kuusafisha ukoloni. Anayeshika la pili huishia kuusafisha utumwa. Na katika mkoa ambao Mwislamu na Mkristo wanaishi mtaa mmoja, mara nyingine nyumba moja, kila simulizi kati ya hayo mawili laweza kuwa rungu mkononi mwa mchochezi. Kwa hiyo hatuna budi kuyachambua mambo yenyewe, kwa kuuliza swali lile lile kila tunapofika: nani alizalisha mali, nani aliichukua, na aliichukua kwa jina gani?

I. UKABAILA WA ULAYA NA VITA VYA MSALABA

Mwezi Novemba 1095, katika mji wa Clermont nchini Ufaransa, Papa Urbano II aliwataka Wakristo wa Ulaya magharibi waende mashariki kuutwaa mji wa Yerusalemu. Maelfu waliitikia. Wengi wao waliitikia kwa imani ya kweli, na mwanahistoria anayekana jambo hilo hatendi haki. Lakini imani peke yake haielezi kwa nini jeshi kubwa namna ile lilipatikana wakati ule.

Mfumo wa uzalishaji mali wa Ulaya ya wakati huo ulikuwa ukabaila. Ardhi ndiyo iliyokuwa njia kuu ya uchumi, nayo ilishikwa na mabwana na Kanisa. Wakulima walifungwa na ardhi ya bwana: walimlimia, walimpa sehemu ya mavuno, na hawakuwa huru kuhama. Juu ya migongo yao alikaa yule mpiganaji mpanda farasi ambaye vitabu vya hadithi humsifu sana. Farasi wa vita, deraya na upanga vilikuwa vitu vya gharama kubwa, na gharama hiyo ililipwa kwa jasho la mkulima. Mabwana walipigana wao kwa wao, na wapiganaji wengi walikuwa na silaha bila ardhi ya kutosha. Vita vya mashariki viliwapa mahali pa kupeleka silaha zao. Nyuma yao walisimama wafanyabiashara wa Genoa, Pisa na Venice, ambao walikuwa na merikebu na walitaka bandari za biashara ya mashariki.

Yerusalemu ulitekwa tarehe 15 Julai 1099, na wakazi wake Waislamu na Wayahudi waliuawa kwa wingi bila huruma. Miaka 88 baadaye Salahuddin, mtawala wa Kikurdi aliyeziunganisha Misri na Shamu, alilivunja jeshi la msalaba huko Hattin (4 Julai 1187) na kuuchukua Yerusalemu tarehe 2 Oktoba. Salahuddin husifiwa, na kwa haki, kwa sababu hakurudia mauaji ya 1099. Lakini tuangalie masharti ya kusalimu amri: kila mtu ajikomboe kwa fedha. Matajiri walilipa wakatoka na mali zao. Baadhi ya maskini walisamehewa au walilipiwa, lakini maelfu walioshindwa kulipa walichukuliwa utumwani. Hata katika tendo la huruma, tabaka lilijionyesha.

Lililo wazi zaidi ni la mwaka 1204. Jeshi la msalaba lilikuwa limeagana na Venice kulipa marki 85,000 za fedha kwa ajili ya merikebu na chakula, likashindwa kutimiza deni. Mwisho wake jeshi lile halikufika Yerusalemu. Liliuteka na kuupora Konstantinopoli, mji mkubwa wa Wakristo wenzao. Wapiganaji waliovaa msalaba waliibia makanisa. Hapo deni lilisema kuliko mahubiri.

Katika vita hivyo yalizaliwa mashirika ya watawa wenye silaha, kama Shirika la Hekalu na Shirika la Mtakatifu Yohane. Watawa hao waliapa umaskini, lakini mashirika yao yalimiliki ngome na mashamba katika nchi nyingi. Shirika la Hekalu lilikuwa na fedha nyingi hata likawakopesha wafalme; mdeni wake, mfalme wa Ufaransa, aliwakamata wanachama wake mwaka 1307, na mwaka 1312 Papa alilivunja. Shirika la Mtakatifu Yohane lilihamia Rhodes, kisha Malta, ambako lilitawala tangu 1530 hadi 1798, likitumia majahazi ya vita yaliyopigwa kasia na watumwa. Msomaji akumbuke jina hilo la Malta. Akumbuke pia Mfalme Louis wa Tisa wa Ufaransa, aliyefariki karibu na Tunis tarehe 25 Agosti 1270 akiwa katika vita vya msalaba, na baadaye akatangazwa mtakatifu. Majina haya mawili tutayakuta tena, moja Karema na moja ng'ambo ya ziwa letu.

II. MSALABA NA UPANGA KATIKA PWANI YETU

Katika Ureno, mali ya Shirika la Hekalu ilirithiwa mwaka 1319 na shirika jipya lililoitwa Shirika la Kristo. Msalaba wa shirika hilo ndio uliochorwa kwenye matanga ya merikebu za Wareno zilipoizunguka Afrika. Mwezi Julai 1505 Francisco de Almeida aliiteka Kilwa, na mwezi uliofuata aliipora na kuichoma moto Mombasa. Msalaba ulisimikwa, na hapo hapo dhahabu ya Sofala ikaanza kuhesabiwa. Huo ndio mfano wa kwanza wa Vita vya Msalaba katika Afrika Mashariki: ubepari wa biashara uliokuwa ukichipua huku bado umevaa deraya ya ukabaila.

III. ZIWA TANGANYIKA KABLA YA 1888

Watu wa ziwa walikuwa wakizalisha na kubadilishana mali kabla ya kufika mgeni yeyote. Chumvi ya Uvinza ilisafirishwa mbali. Mawese, samaki, mahindi na mifugo vilibadilishwa katika soko la Ujiji, ambako shanga zilitumika kama fedha. Mitumbwi mikubwa ya magogo ilivuka ziwa huku na huko.

Msafara wa pwani ulipofika, uliikuta biashara hiyo na kuigeuza. Ulaya na Marekani zilitaka pembe za ndovu kwa ajili ya piano na mipira ya biliadi. Zilileta nguo za merikani, shanga, na bunduki. Mfanyabiashara wa Ujiji alikuwa na deni Tabora, wa Tabora alikuwa na deni Unguja, na Unguja walikaa wenye mitaji kama Taria Topan, aliyemkopesha Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip. Mnyororo wa deni ulianza katika majumba ya biashara ya ng'ambo na ukaishia katika kijiji cha Manyema, ambako hapakuwa na fedha. Huko deni lililipwa kwa pembe, na kwa watu.

Ujiji ulitawaliwa kwa muda mrefu na Mwinyi Kheri, Mswahili wa Mrima, aliyefariki mwaka 1885. Baada yake mwenye nguvu alikuwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mzaliwa wa Lindi, ambaye watu walimpa jina la Rumaliza. Jina hilo lisikike kama linavyosikika: mwenye kumaliza. Wapiganaji wake walivuka ziwa, wakaenda kaskazini mpaka Uvira. Vijiji vilichomwa, na wanawake na watoto walifungwa kamba. Hakuna haja ya kuyapamba mambo haya wala kuyaficha. Na isisemwe kwamba Waafrika walingoja mkombozi: Mwezi Gisabo wa Burundi alimzuia Rumaliza asiiteke nchi yake, bila msaada wa kadinali yeyote.

IV. KADINALI ATANGAZA VITA

Charles Lavigerie alizaliwa Bayonne, Ufaransa, mwaka 1825. Mwaka 1867 alikuwa Askofu Mkuu wa Algiers, katika koloni la Ufaransa, na mwaka 1868 alianzisha shirika la Mapadre Weupe. Msafara wa kwanza wa mapadre hao ulifika Ujiji mwezi Januari 1879. Pamoja na wamisionari waliofuata walikuja askari wa zamani wa Papa walioitwa Wazuavu. Jina hilo lina kejeli yake: limetokana na Zwawa, watu wa milima ya Algeria, ambao Wafaransa waliwaandikisha jeshini baada ya kuivamia nchi hiyo mwaka 1830. Papa naye aliunda Wazuavu wake kulinda dola lake la Italia, mpaka Roma ulipotekwa mwaka 1870. Baada ya hapo walibaki askari bila vita.

Mmoja wao alikuwa Kapteni Léopold Joubert, aliyezaliwa mwaka 1842. Alipigana Castelfidardo mwaka 1860 kumtetea Papa, na miaka ishirini baadaye alikuwa ziwani Tanganyika. Kazi ya askari hao haikuwa mzaha: tarehe 4 Mei 1881 huko Rumonge mapadre wawili, Deniaud na Augier, pamoja na askari msaidizi wao, waliuawa na wenyeji.

Lavigerie alikuwa na wazo kubwa kuliko ulinzi. Alitaka kuundwe ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika. Nafasi ilipatikana mwaka 1885, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alipowakabidhi mapadre vituo viwili vya ziwani, Karema upande wa mashariki na Mpala upande wa magharibi. Mpala tayari palikuwa na damu. Mwezi Desemba 1884 wapiganaji wa Kapteni Storms, mkuu wa kituo hicho, walimwua Lusinga, mtemi aliyekuwa mwuza watumwa, na fuvu la kichwa chake likapelekwa Ubelgiji. Kituo kilichowekwa kwa jina la sayansi na kukomesha utumwa kilikusanya mafuvu. Joubert alishika ulinzi wa Mpala mwaka 1887, kisha akajenga makao yake Mrumbi na kuyaita Mtakatifu Louis. Ndiye yule mfalme wa msalaba aliyefia Tunis, mahali ambapo Lavigerie mwenyewe alikuwa akimjengea kanisa kuu.

Tarehe 1 Julai 1888, kwa baraka za Papa Leo XIII, Lavigerie alianza kuhubiri vita vya msalaba dhidi ya utumwa katika kanisa la Mtakatifu Sulpice mjini Paris. Tarehe 31 Julai alihutubia London, na tarehe 15 Agosti Brussels. Alieleza mateso ya misafara kwa maneno yaliyowaliza wasikilizaji. Aliomba fedha na vijana wenye silaha, akitaja mfano wa mashirika ya zamani ya watawa wapiganaji. Mwaka 1891 alianzisha huko Biskra, Algeria, kikundi cha Ndugu wa Sahara wenye silaha. Kilivunjika mwaka uliofuata, naye akafariki Novemba 1892.

V. NANI ALIUVUNA MSALABA?

Hapa ndipo kiini cha somo. Mahubiri yalikuwa ya kadinali, lakini mavuno yalikwenda kwa wengine.

Kwanza, Ujerumani. Mwezi Agosti 1888 watu wa pwani yetu walianza kuipinga kampuni ya Kijerumani. Bismarck alihitaji fedha za vita, na bunge lilisita. Msisimko wa mahubiri ya Lavigerie ulimpa njia. Windthorst, kiongozi wa chama cha Wakatoliki, aliunga mkono hoja ya kukomesha utumwa, na mwishoni mwa Januari 1889 bunge likapitisha marki milioni 2 kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani. Fedha hizo zilimleta Wissmann na jeshi la mamluki. Tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani. Je, utumwa ulikomeshwa? Serikali ya Wajerumani haikuufuta kabisa mpaka ilipoondoka. Ilitoa tu amri kwamba watoto watakaozaliwa baada ya 1905 wawe huru. Sheria ya kuufuta utumwa Tanganyika ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Pili, Leopold. Mwaka 1887 huyu huyu mfalme alimwajiri Tippu Tip kuwa liwali wake wa Stanley Falls, kwa mshahara. Wakati huo pembe zilipitia mikononi mwa Tippu Tip, na Leopold hakuuona utumwa. Kisha maofisa wake walipotaka pembe zile zishuke kwa mto Kongo badala ya kwenda Unguja, vita vya 1892 hadi 1894 viliitwa vita dhidi ya watumwa. Ngongo Lutete, aliyekuwa mshambuliaji mashuhuri wa vijiji upande wa Tippu Tip, alihamia upande wa Wabelgiji mwaka 1892, na wapiganaji wake wakawa jeshi la "ukombozi". Mwaka uliofuata Wabelgiji hao hao walimwua. Ziwani, mwishoni mwa 1891, Kapteni Jacques, aliyetumwa na chama cha Wabelgiji cha kupinga utumwa, alifika kumsaidia Joubert, akaanzisha Albertville, mji ambao siku hizi ni Kalemie. Mwezi Januari 1894 majeshi ya Leopold yaliivunja ngome ya Rumaliza, naye akakimbia kuvuka ziwa. Wakongo walipata nini? Walipata ushuru wa mpira, mateka wa kike waliofungwa mpaka waume wao walete mpira, na mikono iliyokatwa, mpaka ulimwengu ulipopiga kelele na nchi ikatolewa mikononi mwa mfalme mwaka 1908.

Tatu, hapa kwetu. Wajerumani walitangaza kodi ya kibanda mwaka 1897. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Katika utawala wa Waingereza uliofuata, mkoa wa Kigoma uligeuzwa kuwa ghala la nguvukazi, na vijana wa Kiha walipelekwa kama manamba katika mashamba ya mkonge. Hawakufungwa kamba shingoni. Walisukumwa na kodi.

Msomaji aweza kuuliza: Je, Joubert naye alikuwa mnafiki? Ushahidi hauonyeshi hivyo. Aliishi magharibi mwa ziwa mpaka alipofariki mwaka 1927, alimwoa mwanamke wa Kiafrika, Agnes Atakaye, na hakurudi kwao na utajiri. Watu waliokimbilia kwake waliokoka kweli. Lakini unyofu wa mtu mmoja haubadili tabia ya mfumo anaoutumikia. Vivyo hivyo, ujasiri wa Rumaliza mbele ya Wabelgiji haumfanyi kuwa mkombozi: alitetea njia zake za biashara. Wanaume wawili walipigana, kila mmoja akimtaja Mungu, na mkulima wa Marungu au wa Manyema alikuwa ndiye shamba la vita.

VI. WATOTO WA BIASHARA MOJA

Mwisho tuwatazame wale ambao simulizi zote mbili huwasahau. Mateka kutoka ng'ambo ya ziwa waliofika Ujiji walibaki wengi wao hapo. Waliingia katika Uislamu, wakaizungumza lugha ya Kiswahili, na wakajulikana kama Wamanyema, jamii iliyoujenga mji wa Ujiji kwa mikono yake. Mateka wengine walikombolewa na mapadre, wakawekwa katika vijiji vya misheni vya Kibanga, Mpala na Karema. Huko walibatizwa, na waliishi chini ya amri ya padre, kwani kukombolewa hakukuwa sawa na kuwa huru. Dini ya mjukuu ilitegemea nani alimnunua bibi yake.

Mfano ulio mkubwa ni Adrien Atiman. Alizaliwa kando ya mto Niger, alitekwa angali mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe katika Sahara. Lavigerie alimpeleka kusomea udaktari katika kisiwa cha Malta, kile kile kilichotawaliwa na Shirika la Mtakatifu Yohane na watumwa wake wa makasia. Atiman alifika Karema mwaka 1889. Hakushika bunduki ya msalaba. Alitibu wagonjwa, wa dini yoyote, na alichanganya udaktari aliosomea na dawa za wenyeji mpaka alipofariki mwaka 1956. Kati ya wote waliokuja kwa wito wa kadinali, aliyeacha kazi isiyo na doa ni huyu aliyewahi kuwa na bei.

Mafunzo tunayopata ni haya. Kwanza, vita vinapotangazwa kwa jina la dini, tuwatafute wenye deni na wenye kudai nyuma ya wahubiri. Pili, uovu wa mkoloni haumtakasi mfanyabiashara ya watu, wala uovu wa mfanyabiashara ya watu haumtakasi mkoloni. Tatu, ukombozi unaoletwa na mwenye maslahi hudai malipo, na malipo hayo huwa ni mtu yule yule aliyekombolewa. Nne, boti zinazotia nanga Kibirizi hubeba Waislamu na Wakristo wa pande zote za ziwa ambao wengi wao ni ndugu wa damu, waliotenganishwa na soko. Atakayewaambia kwamba wao ni maadui tangu kale hajui historia, au anaijua na ana lake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Linganisha deni la jeshi la msalaba kwa Venice mwaka 1204 na deni la wafanyabiashara wa Ujiji kwa wenye mitaji wa Unguja. Katika kila hali, nani hatimaye alililipa?

2. Kwa nini Leopold alimwajiri Tippu Tip mwaka 1887, na majeshi yake yakapigana na watu wa Tippu Tip mwaka 1892?

3. "Unyofu wa mtu haubadili tabia ya mfumo." Jadili kauli hii kwa kutumia maisha ya Joubert na ya Atiman.

4. Waulize wazee wa mtaa wako asili ya koo zao. Ni wangapi walitoka ng'ambo ya ziwa, na walikujaje?